Vita vya Sufuria ya Maziwa Kule Chinongwe

Acheni kwanza kubangua korosho, enyi watu wa Nambambo, nanyi wa Ruponda tueni majembe, msikie habari za Raudha binti Masoudi, mshika sindano, mwanafunzi wa shahada ya pili ya tiba, jinsi alivyopigana na sufuria ya maziwa mbele ya macho ya watu na ng'ombe.

Alifika Chinongwe nyuma ya mlezi wake wa utafiti, Profesa Felisian, simba wa semina, bingwa wa kuonyesha picha ukutani, aliyemlea kwa miaka miwili kwa kumbebesha mkoba. Somo lake kuu lilikuwa moja: elimu itoke maabara, ifike jikoni kwa mwananchi. Jikoni kwenyewe alikuwa hajafika.

Adui wao alikuwa homa inayopita katika maziwa mabichi. Walitaka kupima damu ya wafugaji, na wafugaji walikuwa wamesema neno moja: Mzee Lubasha akitoa, nasi tutatoa. Asipotoa, Raudha angerudi chuoni mikono mitupu, aanze utafiti upya. Profesa alishamwambia hivyo garini, huku akila ndizi za Raudha.

Basi wakaketi uani kwa Lubasha. Leah, mke wa Lubasha, akaleta kibuyu, akamimina vikombe viwili vya maziwa yaliyokamuliwa muda ule ule, bado yana povu, bado yana joto la ng'ombe.

"Karibuni," akasema Lubasha. "Kwangu mgeni hunywa kwanza, shida yake ataieleza baadaye."

Profesa akakitazama kikombe kama askari aliyekanyaga nyoka. "Mzee wangu, sisi wanasayansi," akaanza, na mpaka anamaliza, povu lilikuwa limetulia na nzi wawili wameshaingia darasani.

"Kwa hiyo maziwa yangu mabaya," akasema Lubasha, "ila damu yangu nzuri."

Hapo Raudha akaiona shahada yake inaondoka kama ndama aliyekata kamba. Akasimama. "Si mabaya, baba. Naomba niyachemshe, kisha nitayanywa hapa hapa mbele yako."

"Kuwasha kuni mbichi umesomea wapi, mdogo wangu?" akauliza Leah.

"Sijasomea, dada."

"Haya. Mafiga yale pale. Tuone digrii inavyopuliza."

Ndipo vita vikaanza. Moshi ukamvamia kwa ubavu, akapuliza, ukarudi, akapuliza tena, majivu yakamvika kilemba. Koti lake jeupe, lililopigwa pasi kwa heshima ya sayansi, likageuka rangi ya mbuzi wa Lubasha. Leah alicheka mpaka akashika nguzo, ila kusaidia hakusaidia. Kutoka kivulini, Profesa, jemadari asiyefika vitani, akatoa amri: "Raudha, dhibiti joto." Moto haukumsikiliza, kama wanafunzi wake wengi.

Mara maziwa yakainuka. Yakapanda kama jeshi linaloruka boma, yakafika ukingoni, na Raudha, hana kitambaa, hana msaidizi, akalivua koti la sayansi, akaishika nalo sufuria, akaiepua. Halikumwagika hata tone.

Yalipomiminwa, Lubasha akasogeza kikombe kwa Profesa. "Anza wewe, mwalimu. Si ndiyo kinga yenyewe uliyokuja kutufundisha?"

Profesa akakohoa. "Kwa kweli, tumbo langu halipatani na maziwa."

"Hata yaliyochemka?"

"Raudha ataniwakilisha. Ni sehemu ya mafunzo."

Raudha akanywa. Yalimbabua ulimi, yalinuka moshi, naye akameza mpaka kikombe kikaonyesha kitako chake. Lubasha akaonja chake, akajilamba midomo bila furaha.

"Ladha imekufa," akasema. Kisha akakunja mkono wa shati. "Chukua, binti. Wewe unaamini unachokisema. Yule mwambie akakae garini."

Sindano ikaingia, damu ikapanda katika kichupa. Leah, bila kuambiwa na mtu, akamimina maziwa ya wanawe katika sufuria ile ile, akaibandika. "Makaa yamebaki," akasema, "yasiende bure."

Huko garini Profesa alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake kwa simu: Leo nimefika jikoni kwa mwananchi.

Basi itangazwe kutoka Nachingwea hata Ruangwa, na watakaozaliwa wahesabu miaka yao kuanzia siku hiyo: maziwa yalichemka Chinongwe, na hayakumwagika.