Mkanda Chini ya Godoro

Ijumaa, 5 Agosti 2005

Eliana amekuja Itigi leo. Mwanangu anasoma masta. Masta ya usimamizi wa miradi, na kazi hajaacha. Wiki nzima yuko halmashauri Manyoni anahudumia wananchi. Ijumaa jioni basi la Dodoma. Jumamosi na Jumapili darasani, na watu wazima wenzake wenye vitambi. Wiki hii wamepumzishwa, ndiyo maana nimemwona.

Sijatangaza. Nimemwambia padri, muuza nyama, mkuu wa stesheni, na abiria wa behewa moja walipokuwa wananunua asali yangu dirishani. Mmoja alikuwa bado ananipongeza treni ilipoondoka na kikombe changu.

Febronia, jirani yangu na mweka hazina wa kikundi chetu, anasema kusoma Jumamosi na Jumapili ni kama kusali Krismasi na Pasaka. Nikamwambia, Mama Philipo, wa kwako alisoma wiki nzima na leo anauza vocha. Akakumbuka ana maharage jikoni.

Sasa habari yenyewe. Eliana anaandika utafiti wa mwisho: kwa nini miradi ya wafadhili hufa. Amechagua mashine ya kukamua alizeti ya kikundi chetu cha Tuinuane, ambacho mimi ni mwenyekiti wake. Ililetwa na wafadhili, ikafanya kazi msimu mmoja, sasa mwaka wa tatu kuku wanatagia ndani. Mwalimu wake, Dokta Mughwai, anakuja Jumamosi ijayo kuiona. Akiridhika kwamba mradi umekufa kweli, Eliana anaendelea. Asiporidhika, anaanza upya na kitu kingine, na joho la mwaka huu atalisikia kwa wenzake.

Akanishika mikono. Akasema, mama, naomba usiguse kitu. Acha kila kitu kilivyo.

Nikamwitikia. Mtoto amelelewa huyu.

Jumapili, 7 Agosti

Nimewaza wakati wote wa misa. Eliana amesema nisiguse kitu. Mgeni naye husema ameshiba, na hapo ndipo unapomwongeza ugali. Mtoto mwenye adabu hamwambii mama yake, kafagie, mgeni wangu anakuja. Anasema, mama, usijisumbue. Mama anajua kilichobaki.

Na mimi nimpokee dokta kwa mashine yenye mavi ya kuku? Kwangu hata choo hufagiliwa akija mtu wa kuomba chumvi.

Nimeamua. Mashine itafanya kazi kabla ya Jumamosi.

Jumatatu, 8 Agosti. Nanenane

Sikukuu ya wakulima. Nikaenda kwa Mazengo, fundi wa zamani wa reli. Aliingia kwenye banda la mashine kwa nyuma, ukuta ulipobomoka, mahali wanapopita kuku. Akakaa na injini mpaka adhuhuri. Akatoka anasema injini ni nzima. Kinachokosekana ni mkanda wa kuzungushia mashine, sijui nani ameuiba.

Nikamwambia haukuibiwa. Uko kwangu chini ya godoro.

Mazengo akaniangalia. Nikamweleza. Siku ya uzinduzi Febronia alikaa kiti cha jirani na mgeni rasmi, na mimi mwenyekiti nikapewa benchi pamoja na kwaya. Tulivumiliana ule msimu mmoja, kisha ufunguo wa banda akakaa nao yeye, na mkanda nikakaa nao mimi. Kwa usalama wa mradi.

Mume wangu Urbano aliponiona nautoa aliuliza kama ndio huo unaomchoma mgongo miaka yote hii. Akasema alikuwa anafikiri ni uzee.

Jumatano, 10 Agosti

Kwa Febronia. Kuku wana njia yao, lakini dokta hapitishwi tundu la kuku, kwa hiyo ufunguo unatakiwa. Febronia anauvaa shingoni pamoja na rozari.

Nilimsalimia vizuri. Nikamsifia mboga zake. Akaniuliza nataka nini. Nikasema mgeni wa Eliana. Akasema sawa, Mama Eliana, lakini nafungua mwenyewe kwa mkono wangu na nakaa karibu na mgeni. Nikakubali. Kukaa karibu kuna pande mbili.

Ijumaa, 12 Agosti

Banda limefagiliwa. Kuku wamehamishwa, wamekasirika. Kina mama wa kikundi wamekuja wote, hata wale tuliokuwa hatusalimiani. Kila mmoja ameleta gunia lake la alizeti. Mazengo akafunga mkanda, akazungusha, injini ikakohoa, ikashika. Mafuta yakatoka, ya rangi ya asali. Mashudu kwa pembeni, ng'ombe wa watu wakaanza kusogea. Kina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Hata Febronia alipiga, kisha akaona namwangalia, akaacha.

Eliana hajui. Atafurahi mpaka alie.

Jumamosi, 13 Agosti

Alilia kweli.

Walifika na gari la kukodi kutoka Manyoni. Dokta Mughwai ni mwembamba, mtu wa Singida huku huku, mpole. Ni dokta lakini si wa sindano. Eliana alinionya mapema nisimwonyeshe goti. Alinipa shikamoo kwa heshima zote.

Kutoka barabarani wakasikia mashine inanguruma. Eliana akasimama. Akaniuliza, mama, hiyo ni nini? Nikamwambia, mradi wako, mwanangu. Akakaa chini palepale kwenye vumbi na sketi yake ya kazini.

Dokta akasema taratibu kwamba mradi huu, kwa anavyouona, uko hai. Akasema utafiti wa kifo unahitaji maiti. Itabidi Eliana atafute kingine, na kwa mwaka huu muda hautoshi. Nilipomletea maji, Eliana aliyasukuma pembeni. Nilisikia vibaya, sina la kuficha. Nikajiambia akionja mafuta moyo utatulia.

Basi dokta akainama nyuma ya mashine kutazama bomba. Mimi nikachukua chupa ya kwanza nimpe mgeni, maana mwenyekiti ndiye anayetoa. Febronia akaishika kwa chini. Akasema mali ya kikundi hutolewa na mweka hazina. Nikamwambia, wewe kazi yako kutunza, si kugawa. Akaniambia nirudi kwenye benchi la kwaya.

Mbele ya wageni.

Nikamwambia Mazengo azime. Nikauchomoa mkanda wangu, nikauzungusha begani kama mgolole, nikatoka. Febronia akasema kama ni hivyo na banda linafungwa. Akafunga, akavaa ufunguo wake, akaenda kwake. Kina mama wakabeba kila mmoja alizeti yake. Kuku wakarudi kabla hata vumbi halijatulia.

Hapo ndipo Eliana akauliza dokta yuko wapi.

Alitokea kwa nyuma, tundu la kuku, ana manyoya kwenye nywele na yai mkononi. Hakukasirika. Aliuliza ule mkanda hukaa wapi siku zote. Urbano akainua shati, akamwonyesha mgongo.

Dokta akaketi kwenye jiwe akaandika mpaka kalamu ikakwama, akaomba ya Eliana. Akamwambia: endelea. Miaka mingi nafundisha kwa nini miradi hufa, leo nimeuona unakata roho mbele ya macho yangu.

Jumapili, 14 Agosti

Eliana ameondoka na treni. Amenikumbatia muda mrefu, anacheka na kulia pamoja. Joho la mwaka huu liko palepale. Amesema sura nzima ya utafiti itakuwa juu yangu na Mama Philipo. Nimemwomba yangu itangulie.

Nimeshawaambia padri na mkuu wa stesheni kwamba nimo kwenye kitabu cha masta. Mkanda nimeurudisha chini ya godoro. Urbano amehamia kwenye mkeka.

Dokta atarudi Oktoba kuhakikisha kwamba mradi bado umekufa. Ule ukuta uliobomoka unaniumiza. Mtu msomi hawezi kupita tundu la kuku mara mbili. Kesho naongea na Mazengo habari za tofali.

Eliana alipokuwa anapanda behewa alinishika tena mikono. Akasema, mama, mpaka Oktoba naomba usiguse kitu, kitu chochote kabisa.

Huyu mtoto ana adabu mpaka inazidi.