Udongo na Mimi Basi

Jumapili, tarehe 2 Juni
Nimeacha udongo. Rasmi! Miaka kumi na tisa ya kufinyanga, leo basi. Mama Mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi ametangaza kuwa kwenye maonyesho ya Jumamosi, meza ya mlangoni atapewa atakayeleta kitu kipya. Meza yangu! Miaka yote anayeingia ukumbini anaanza na vyungu vyangu. Nilipolalamika, akasema vyungu vyangu watu wanavijua hata kwa kupapasa gizani. Akacheka. Sikucheka. Nikiikosa, nitapelekwa nyuma kabisa karibu na choo, anakokaa siku zote yule msusi wa vikapu tunayemwita Ukili. Na Ukili siku hizi anasuka kwa nyaya za simu, eti! Kila mtu anamsifu.

Nimekata shauri: karatasi. Vyombo vya karatasi! Nimemwambia mke wangu autupe udongo wote uliobaki. Akasema udongo mzuri namna hii hautupi, atauchezeachezea. Auchezee. Mimi nimeshavuka.

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Nimeloweka magazeti ya mwaka mzima, nikayaponda. Rojo safi. Nikalipandisha kwenye gurudumu la kufinyangia kama kawaida, nikazungusha. Rojo likaruka. Ukutani, darini, na shavuni kwa mama mkwe aliyepita kunisalimu. Akasema ahsante, alikuwa ameshaoga. Nimemwomba radhi mara sita.

Kumbe karatasi haizungushwi, inabandikwa! Nimebandika juu ya mabakuli yangu ya zamani kwa gundi ya unga wa ngano. Manane. Roho kwatu.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Kuku wa jirani wamekula midomo ya mabakuli matatu. Gundi ya unga! Nilimfuata jirani nimefura. Akauliza ni bakuli la namna gani hilo linaloliwa na kuku. Nilipoanza kueleza, nikaona bora nirudi nyumbani.

Jioni nimekwenda kwa Ukili kuazima nyundo. Nyundo ninazo mbili. Nilitaka kuchungulia. Kikapu chake cha nyaya, Mungu anisamehe, ni kizuri. Kwa kijicho nikakigeuza mara mbili nikitafuta kasoro. Naye akanimiminia chai, akauliza kwa nini nimeacha udongo na mikono yangu inaujua hivi. Nikamwambia msanii hakai mahali pamoja. Akanipa nyundo. Sasa ninazo tatu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Mabakuli matano yamekauka. Nimeyabandua, nimeyapaka rangi ya buluu. Mazuri hadi machozi yakanilenga! Ushindi ni wangu. Nikayapanga tanurini kwenye wavu wa juu, nikaziba mlango kwa matofali, nikachochea kuni, nikaingia ndani kifua mbele kunywa chai.

Mke wangu akauliza moshi ule ni wa nini. Nikamwambia nachoma mabakuli. Akauliza mabakuli gani. Nikasema yale ya... Kikombe kikaniganda mkononi.

Lo! Nikatoka mbio na ndoo ya maji. Mke wangu akanidaka shati. Nisithubutu kumwaga hata tone, akasema. Vikombe vyake vimo humo! Alivifinyanga kwa udongo niliomwachia, akavianika chini kabisa ya tanuri kuku wasivifikie. Vikipasuka, nitajipikia mwenyewe mwezi mzima. Akaniamuru nichochee. Nimechochea hadi jioni huku nalia. Nimesema ni moshi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Tumefungua tanuri. Mabakuli yangu: majivu. Vikombe vya mke wangu: kumi na viwili, vizima, alama za vidole gumba zinaonekana waziwazi. Majivu ya karatasi yalivifunika, na moshi umeviachia mawingu meusi juu ya wekundu wa udongo. Hakuna viwili vinavyofanana. Nikamshauri kwa upole avisugue, vimechafuka. Akasema vitabaki hivyohivyo. Nimemhurumia, maskini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Mama Mwenyekiti amekishika kikombe kimoja, amekigeuza juu chini. Kisha akamwambia mke wangu aweke vitu vyake palepale. Meza ya mlangoni! Watu wakamuuliza amefanyaje. Akasema ukweli: mume wangu alichoma karatasi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, halafu ukanizunguka mimi. Karatasi kiasi gani? Kuni gani? Moto wa saa ngapi? Ukili akanishika bega, akasema ndugu yangu, umegundua jambo, rudi kwenye udongo utufundishe sote. Mke wangu akasogeza vikombe upande mmoja. Alikuwa ameniachia nusu ya meza.

Nilitamani kukubali. Nilitamani sana! Lakini mimi nirudi nyuma kwa sababu ya ajali? Thubutu! Nimeshinda karibu na choo na meza tupu, nikielekeza watu mlango wa wanaume na wa wanawake.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Nimelijua kosa langu. Ni karatasi! Karatasi ni kitu dhaifu, si cha mtu kama mimi. Nahamia kwenye nta. Vyungu vya nta, vinapitisha mwanga, nani amewahi kuviona? Mrina asali ameniletea ndoo mbili za nta. Maonyesho yajayo meza ile inarudi kwangu, wapende wasipende.

Mke wangu anafinyanga uani, anaimba. Ukili amemletea mzigo wa magazeti. Nimemrudishia nyundo.

Nimeshalifagia tanuri na kupanga kuni. Mke wangu ameuliza tanuri la nini tena. Maswali mengine bwana! La kuchomea, bila shaka.