Mume Wangu Apunguziwe Sifa

Temeke, Darisalama
Tarehe 9 Machi 1954

Kwako Baba Padre Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi Auleria, mke wa Mwalimu Projestus. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma na kuandika kwenye mafundisho ya ubatizo, ukasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Ndio huu, haujabadilika. Hujambo, Baba? Kifua kimepoa? Nisalimie Katekista Gaspar pamoja na goti lake. Nisalimie Mama Genoveva wa jikoni kwako, mwambie ndizi za kupika za kwetu huku nimeziona mara mbili tu, na mara ya pili nilitokwa na machozi sokoni. Nisalimie mama mkwe wangu Tekla, mwambie wajukuu zake Demetria na Didas wanakula, ingawa si kwa kiasi anachokitaka yeye. Nisalimie na mdogo wangu Audax, kama siku hizi yuko nje. Kama yuko ndani, salamu zifike pamoja na chakula.

Sisi hatujambo, ila kwa hili moja. Baba Padre, kwa heshima zote, nalalamika juu ya barua ya sifa uliyompa mume wangu.

Shule yetu ilipofungwa tulipanda meli, tukapanda treni, watu wanne na sufuria zetu, na safari nzima Projestus aliilaza barua yako ndani ya kitabu cha sala isije ikakunjika. Sasa huu ni mwezi wa saba tuko huku. Wanaotafuta kazi huku hawana idadi, kila lango asubuhi limejaa watu, na asiye na kazi akikamatwa anarudishwa kwao. Lakini wengine nawaona wanapata. Mwenye barua yako hapati. Uliandika hivi, nimeshaikariri: “Projestus hasemi uongo, hanywi pombe, halali kazini, na akiona kosa hanyamazi.” Baba, mtoto huyu alikukosea nini?

1. Hasemi uongo. Mwenye duka moja la nguo aliisoma yote, akaikunja vizuri, akairudisha kwa mikono miwili. Akasema, “Mwalimu, mie nauza kanga. Mteja akiuliza kama rangi inachuja, utamjibuje?” Projestus akauliza, “Kwani inachuja?” Akajibiwa, “Sana.” Wakaagana hapo hapo.

2. Hanywi pombe. Klabu moja ya Wazungu walitaka mtu wa kubeba glasi. Msimamizi wao alimwambia kwamba mtu asiyekunywa anaona kila kitu, na kesho yake bado anakumbuka, na wale mabwana hawapendi kukumbukwa.

3. Halali kazini. Hili limeniuma kuliko yote. Alikwenda kuomba ukorokoroni, kulinda ghala usiku. Walinzi wanne walikuwepo tayari. Mkubwa wao akauliza kama hili la kutolala ni kweli au Padre kaandika tu. Projestus akasema ni kweli. Yule akamtazama kwa huruma: “Sasa ndugu yangu, sisi wanne tutalalaje, na wewe umetukodolea macho?”

4. Akiona kosa hanyamazi. Ofisi hiyo siitaji. Alipewa karatasi ya kujaza, akaona kosa kwenye karatasi yenyewe, ile ya Serikali, akalisahihisha kwa wino mwekundu aliokuja nao kutoka shuleni. Sina la kuongeza.

5. Hapa nimo mimi mwenyewe. Juma lililopita nilikwenda njia ya Pugu, kwa msimamizi wa tanuri la matofali. Nikamwambia mume wangu hulewa Jumamosi na aliwahi kufungwa kwa sababu ya mbuzi wa watu. Nitaungama, Baba. Yule bwana alifurahi mno! “Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi,” akasema, “aje Jumatatu.” Jumatatu Projestus akaenda. Akataniwa habari za yule mbuzi. Akauliza, “Mbuzi gani?” Alipoelezwa, aliniombea msamaha, kisha akatoa barua yako. Alirudi nyumbani chai yangu haijapoa.

Baba, mimi sicheki. Projestus amesema mwezi ukiisha atatupandisha treni, mimi na watoto, abaki peke yake mpaka apate kazi. Anasema kwa upole, na huyu hasemi uongo, uliandika mwenyewe. Namjua. Atakaa na kitabu chake cha sala na asile. Didas ana miaka mitatu, atamsahau babake.

Kwa hiyo naomba barua nyingine. Andika kwamba anakunywa, kiasi. Uongo anasema, wa dukani tu. Usingizi anao wa kutosha. Akiona kosa anageukia upande wa pili. Na kama muhuri wa misheni unaruhusu, ongeza kifungo cha miezi mitatu kwa ajili ya yule mbuzi, maana habari zake zimeshafika Pugu. Ila usiandike kwamba anawapiga watoto, wala kwamba hanijali. Hayo hata kwa kazi nono siyakubali.

Najua ni dhambi kumwomba padre aandike uongo. Nimefikiri tuigawane nusu kwa nusu: mimi nimeomba, wewe umeandika. Projestus asijue, ataikana barua mbele ya tajiri.

Wote niliowataja, na niliowasahau kwa haraka, wapokee salamu za watu wanne wa Temeke. Utuombee.

Mimi mwanao katika imani,
Auleria

Nyongeza, siku ya Ijumaa. Bahasha ilikuwa bado wazi. Bi Tunu, mke wa Mzee Shomari mwenye nyumba wetu, alinikuta nimetandaza barua yako mkekani. Nikamsomea ili tucheke. Hakucheka. Alimwita mumewe, nikasoma tena, na mara ya tatu polepole. Mzee Shomari ana shamba la minazi Chamazi, na wasimamizi watatu wameshaondoka na nazi zake. Akasema, “Mwanangu, miezi saba mnanificha mtu huyu ndani ya nyumba yangu mwenyewe?” Nikasema tulidhani barua ni ya kuonyesha mjini. Akasema naye alidhani mwalimu mwenye tai hawezi kutaka kazi ya nazi.

Jana Projestus alikwenda kulitazama shamba. Akarudi akamwambia Mzee kwamba mpaka wake umemeza minazi miwili ya jirani. Nilifumba macho, Baba. Mzee akasema minazi irudishwe. Kesho tunahamia Chamazi, wote wanne.

Basi barua ya Projestus usiiguse. Ila kama uliposoma huko juu moyo wako ulikuwa umeshakubali kuandika ile mbaya, usiuzuie. Weka jina la mdogo wangu Audax, hutatenda dhambi hata mstari mmoja, na mbuzi mwenyewe unamjua. Aje nayo moja kwa moja mjini, Chamazi asipite. Nijibu upesi, maana yule bwana wa matofali bado anamngoja mtu wa mbuzi.