Risasi Isiyopiga Teke

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka na uamuzi. Mwaka huu naenda mashindano ya jimbo! Klabu yetu ya bastola inapeleka wapiga shabaha wanne. Watatu wameshajulikana. Nafasi ya mwisho itaamuliwa Jumamosi, nayo ni kati yangu na Verl, kaka wa mke wangu. Miaka sita mfululizo nimesafiri na timu kama mbeba maji. Mwaka jana walipopiga picha niliambiwa nishike kamera. Inauma, sitaficha.

Tatizo ni teke. Bastola inaporuka mkononi, mimi hufumba macho kabla hata sijavuta kifyatuo. LaRue, mke wangu, anasema naogopa. Siogopi! Ni kifundo cha mkono.

Jumanne, 7 Oktoba

Karakanani tangu asubuhi na mashine yangu ya kujazia risasi. Siri nimeipata. Kichwa cha risasi kizito, baruti inayowaka haraka, tena kidogo tu. Kichwa kizito hutoka bila haraka, na bastola inakusukuma badala ya kukupiga. Kichwa chepesi kinataka baruti nyingi. Na ile inayowaka taratibu ukiijaza nyingi, inatoka mdomoni mwa bastola na moto na kishindo, mkono unapigwa kofi. Wenzangu wanajaza tu. Mimi natumia akili.

Verl amekuja kurudisha ngazi. Akauliza, shemeji, unanishauri nini Jumamosi? Nikamwambia kwa roho safi kabisa: vichwa vyepesi, baruti ya taratibu, jaza mpaka kiwango cha mwisho cha kitabu cha vipimo. Zinaruka kama mshale, nikasema. Akanishika bega, akasema mimi nina moyo wa dhahabu. Nikamjibu familia ni familia. Alipoondoka nikacheka hadi nikakohoa.

Jumatano, 8 Oktoba

Kuna kikwazo kimoja. Sheria inasema uzito wa kichwa mara mwendo wake lazima ufike kiwango. Ukipungukiwa, wanakuacha uendelee kupiga, ila alama zako hazihesabiwi. Wanaita kupiga kwa starehe. Aibu tupu.

Nimezipima risasi zangu uwanjani kwa kipima mwendo. Hazikufika. Nimezipima tena. Wapi! Nikaziacha juani kwenye dashibodi ya gari, nikala mkate wangu wa bata mzinga. Baruti ikipata joto inasukuma zaidi. Nikapima tena na, haleluya, zimepita! Zimepita kwa kiasi kidogo mno, lakini kupita ni kupita. Mtu mwoga angeongeza baruti. Lakini ukiongeza, teke linarudi. Nimejaza mia mbili hivyo hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

LaRue anasema amechoka kukaa mezani akiandika alama za wanaume. Jumamosi naye atapiga. Akaomba risasi. Nimempa zangu za mwaka jana zilizojaa kopo: kichwa cha wastani, baruti ya wastani, teke la kawaida. Zile laini siwezi kuzichezea. Akaniuliza mbona namtazama kwa huruma. Nikasema ni mapenzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Redio inatangaza umande wa barafu kesho alfajiri. Barafu! Nimekimbia dukani kununua vile vifuko vya kupashia mikono joto. Nitavitia mfukoni pamoja na risasi. Isitoshe, Nedra Tolman, msimamizi wa meza ya vipimo, huchukua risasi za kupima baada ya chakula cha mchana. Mchana jua lipo. Sina wasiwasi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya ajabu. Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi, nyasi nyeupe kwa barafu, Nedra akanijia. Alifundisha hesabu miaka thelathini na bado anatembea hivyo. Akachukua risasi nane kutoka mkanda wangu, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika jina langu, akauweka juu ya meza ya bati. Nje, kivulini! Nikamwomba azitie mfukoni mwake, maskini zitapata baridi. Akaniuliza risasi zinapata mafua tangu lini. 

Halafu nikapiga! Sijawahi kupiga vile maishani mwangu. Bastola imetulia, macho yangu wazi yote mawili, mabati ya shabaha yanaanguka moja baada ya jingine. Verl kila akivuta ni moto na ngurumo, kofia inamtoka, anapiga kelele, “Mama yangu wee!” Watu wakaacha kazi zao kumtazama. Hata hivyo alipata shabaha, mjinga yule. Kufika mchana mimi wa kwanza, yeye wa pili. Nikala supu ya maharagwe na mikate mitatu ya mdalasini. Watu walinishika mkono. Nilikuwa na furaha, jamani, furaha ya kweli.

Saa nane zamu yangu kwenye meza ya vipimo. Nedra akafungua risasi moja apime kichwa. Akapiga tatu. Hazikufika. Akapiga tatu nyingine. Hazikufika. Imebaki moja, na hiyo mwenyewe unachagua: ipigwe, au ifunguliwe, pengine kichwa chake kizito zaidi ya mwenzake kikuokoe. Nikasema ifunguliwe. Klabu nzima ikainama juu ya mizani. Sawasawa kabisa na ya kwanza. Kiwanda gani hiki kisichokosea hata mara moja?

Nedra akasema kwa upole kwamba naweza kuendelea, kwa starehe. Nikaenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Verl, mwenye nafasi, akanifuata kunikumbatia. Alitumia mkono mmoja tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Verl kapiga simu. Kifundo cha mkono kimevimba kama boga! Daktari kamkataza bastola mwezi mzima. Nimesikitika sana. Nimesikitika mpaka nikavaa viatu tofauti nikimkimbilia Nedra baada ya ibada. Nikamuuliza nafasi inakwenda kwa nani. Akafunua orodha. Jina langu halimo. Wa starehe hawaandikwi. Anayefuata kwa alama ni LaRue.

LaRue alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa. Kisha akaacha kucheka, akasema atakwenda.

Jumanne, 14 Oktoba

LaRue anataka risasi mia mbili. Akasisitiza, “Zile zile za kopo, Wendell. Usiguse kitu. Niapie.” Nimemwapia.

Lakini nimekaa karakanani nikawaza. Mkono wake mdogo. Siku mbili za mateke, atachoka. Mashindano yenyewe ni kusini, bondeni, na kule kuna jua. Mke wangu anakwenda jimboni halafu mimi nimwache ateseke?

Nimechukua vichwa vizito. Baruti nimepunguza kidogo tu. Nimezipanga vizuri kwenye sanduku lake, na juu nimeandika kwa herufi kubwa: ZILE ZILE.