Pitimosi ya Mama Ritha

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwenda Kahama, nimerudi Bugarama, na pitimosi ninayo! Udongo wa Ulaya wa kuoteshea mimea. Mfuko mkubwa kama mbuzi, nimeubeba mwenyewe kichwani, mwepesi kama mkate.

Ni wa mwanangu Ritha, aliye chuo cha kilimo. (Wangapi mtaa huu wana mtoto chuo cha kilimo? Mmoja. Mimi.) Jaribio lake la mwisho linafanyika hapa nyumbani: matuta mawili ya kabichi, miche ishirini kila tuta. Moja la pitimosi, analitunza mama yake. La pili la samadi tupu, analitunza jirani Rhoda, Mama Luka, kwa kuwa ana ng'ombe. Tarehe 20 mwalimu anakuja kuhesabu. Tuta lolote likibaki na miche chini ya kumi, Ritha anarudia mwaka.

Ritha anasema si mashindano. Mtoto bado huyo.

Alinieleza kwa simu namna ya kuchagua. Ya chembe ndogo, isiyo na mbolea ndani, na nisome maandishi. Dukani kwa Abdulshakur zilikuwepo aina tatu. Mbili maandishi matupu. Ya tatu ina picha ya mama wa Kizungu anacheka kando ya maua. Nimechukua hiyo. Mtu hawezi kucheka hivyo kama udongo ni mbaya. Abdulshakur akaniuliza kama nina bustani ya maua. Nikamwambia nina binti chuoni.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepanda! Ritha alisema fungu moja la pitimosi kwa mafungu mawili ya udongo wa hapa, niiloweke kwanza kwa maji ya uvuguvugu, na majivu kidogo kwa sababu ina uchachu. Nimelifikiria jambo hilo. Ukipata nyama nzuri, unaichanganya na majani? Hapana. Nimechimba tuta, nimetupa udongo wote, nimejaza pitimosi tupu. Kavu. Safi.

Rhoda akachungulia juu ya ua wa minyaa, akauliza, "Mama Ritha, unazika nini?" Nikamjibu ni sayansi.

Alhamisi, 4 Septemba

Balaa. Ndoo tatu nimemwaga. Maji yanakaa juu kama kwenye sahani, halafu yanatiririka kwenda upande wa Rhoda. Namwagilia kabichi zake! Nimechimbua kwa kidole: chini kavu kama ugoro.

Mchana upepo. Robo ya tuta imeruka. Mume wangu Makoye alikuwa kibarazani anakula. Hakupandisha sauti. Amesema tu kwamba ugali wa leo una Ulaya ndani yake.

Ritha amepiga simu. Nimemwambia miche inapendeza. Saba imelala. Kulala si kufa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamua kuloweka. Si kwa sababu Ritha alisema. Nimelifikiria mwenyewe.

Nimezoa pitimosi kutoka kwenye tuta, nimeiweka kwenye beseni, maji ya uvuguvugu, nafikicha kwa mikono miwili, nakamua, narudisha, nafunika na turubai upepo usiibe. Sasa, hapa kwetu mtu akionekana ameinamia beseni la udongo mweusi halafu anaufunika, hakuna anayefikiria kabichi. Wachimbaji wa dhahabu wakaanza kupita. Mmoja amepita mara nne, na njia yangu haiendi popote.

Mwisho akasimama Mzee Benjamini mwenyewe, aliyeanza kuosha dhahabu mimi nikiwa msichana. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. Nikamwamkia shikamoo. Akataka kujua udongo huu umetoka shimo gani.

Ningemwambia ukweli, kabisa. Lakini Rhoda alikuwa anasikiliza nyuma ya minyaa! Nikasema umetoka mbali, Bugarama nzima haupo mwingine, na mali iliyomo mtaiona tarehe 20.

Mzee Benjamini akavua kofia. Hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia. Nimelala vizuri sana.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetoka kanisani nakuta tuta halipo. Shimo! Nimepiga yowe mpaka mbuzi wa Rhoda wakakata kamba.

Turubai limekunjwa vizuri. Juu yake ndoo ya tope, ndani yake miche yangu, kivulini. Ndivyo walivyo wachimbaji wa zamani. Wanataka udongo, hawana ugomvi na kabichi. Nimehesabu mara tatu: kumi na tisa. Mmoja umepotea, na saba ni vijiti tu.

Rhoda alikuwa amebaki nyumbani na ndama mgonjwa. Anasema walikuja sita na makarai, wakamsalimia kwa adabu, wakaelekea bwawani kuosha udongo. Nikamuuliza kwa nini hakuwazuia. Akanijibu, "Si wewe uliyesema una mali? Nilidhani mmekubaliana."

Huyu mwanamke!

Jumatatu, 8 Septemba

Umerudishwa. Magunia manne. Mzee Benjamini hakunitazama usoni. Anasema tangu aanze kazi hii hajaona udongo wa tabia hii. Dhahabu hukaa chini ya karai, takataka huondoka na maji, lakini huu wote unaelea! Wakauzamisha kwa mchanga, ukaibuka. Wakautia tope la bwawa, wakaukanyaga kwa miguu, na majivu ya moto wao wa chai yakaingia humo humo. Ndipo ukatulia. Lakini hata punje ya dhahabu hawakuipata.

Pitimosi yangu safi! Sasa ni nyeusi, nzito, imelowa, inanuka bwawa. Imeharibika kabisa. Nimejaza shimo kwa uchungu, nimerudishia miche iliyo hai. Sikumwambia Ritha.

Ijumaa, 19 Septemba

Mitatu zaidi imekufa wiki ile ile. Iliyobaki imenenepa, sijui kwa nini, na tuta halikauki hata nikisahau maji siku mbili. Lakini ni tisa. Nimehesabu kutoka kushoto, nimehesabu kutoka kulia. Tisa.

Ritha na mwalimu wanafika kesho kwa basi moja.

Nimepata wazo. Nimenunua kabichi moja sokoni, nimebandua majani madogo ya ndani, kumi na moja, nimeyachomeka ardhini kwa njiti. Ukisimama mlangoni unaona ishirini. Nimemtaka Makoye asimame mlangoni. Akasema anaona tisa na mboga.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitaandika kama yalivyotokea.

Mwalimu Zamoyoni ana miwani na rula. Alianza kwa Rhoda: kumi na nane. Akaja kwangu. Jua lilikuwa limeyafikia majani yangu. Akashika la kwanza, likatoka. La pili, likatoka. Akayapanga yote kumi na moja chini, mstari mmoja, kama timu inayopigwa picha. Akamuuliza Ritha kama hii ni aina mpya isiyo na mizizi.

Ritha akanitazama. Macho yale yale ya darasa la pili, siku niliyompeleka shule amevaa kaptula ya kaka yake. Halafu mwanangu akasema kwa sauti ndogo, "Hayo ni ya mama, Mwalimu. Andika tisa."

Tisa! Kwa kinywa chake! Mwalimu akafungua kalamu. Nikamwomba aandike jina langu, nirudie mwaka mimi. Akasema haiwezekani.

Ndipo Rhoda akapiga kelele juu ya minyaa. "Subirini! Kuna kabichi kibarazani kwa Benjamini!" Na akakimbia. Rhoda, ambaye hata harusini kwake walimngoja! Ndala moja imebaki njiani.

Amerudi na mzee, karai kichwani. Mzee Benjamini akakiri mbele ya watu, tangu kuchimba tuta langu hadi bwawani. Alibakiza karai moja, maana huwezi kujua, huenda dhahabu imejificha tu. Kila asubuhi anaitia mchanga, anaikoroga taratibu, anarudishia maji, na usiku anaifunika. Mche wangu uliopotea ulikuwa humo tangu bwawani, na roho haikumruhusu kuung'oa. Na ulivyo! Mpana kama sahani!

Mwalimu akatia mkono kwenye karai, akakamua, akanusa. Akasema hivi ndivyo pitimosi inavyotumika. Imeloweshwa ikalowa, imechanganywa ikachanganyika. Akatazama na tuta langu, akasema nalo ni hivyo hivyo. Akamuuliza Ritha, mche huu ni wa tuta hili? Ritha akaeleza yote, shimo, bwawa, na mama yake. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika kumi, na chini yake maelezo kurasa mbili.

Ritha amefaulu! Nimelia begani kwa Rhoda. Nikamwambia samadi yake inanuka.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani leo nimesimama kutoa shukrani. Nimewaeleza jinsi nilivyobuni njia ya kuchanganya pitimosi na tope la bwawa. Rhoda alikohoa sana. Vumbi.

Kabla ya basi Ritha alinishika mikono. Akaniomba, akituma kitu kingine, nimpigie kwanza, nisome maandishi, na nisiwaache watu wafikirie mambo yasiyokuwepo. Nimekubali yote matatu. Mtoto ana akili, amezaliwa nayo.

Chuo kinampa jaribio jingine! Safari hii si pitimosi. Inaitwa vamikulaiti, jiwe lililochomwa likaumuka, linasaidia mizizi kupumua. Nikamuuliza lina sura gani. Akasema ni vipande vyepesi, vyembamba, vinang'aa rangi ya dhahabu.

Rangi ya dhahabu!

Nimemwagiza Makoye beseni jeupe. Nitaianika pale njiani, penye jua. Mzee Benjamini akiuliza, sitamdanganya hata neno moja. Nitatabasamu tu.