Jina Langu Kwenye Makala ya Vyura

Jumatatu, 4 Machi
Rasimu ya makala ya vyura imefika kutoka ng'ambo. Kurasa kumi na nne! Miaka tisa nazama kinamasini mpaka magotini kutega vinasa sauti. Profesa wa huko huja wiki mbili kwa mwaka, buti zake bado zinang'aa. Waandishi: yeye, wanafunzi wake wawili, na fundi wa kompyuta ambaye hajawahi kumwona chura. Mimi nimo mwishoni, kwenye shukrani, chini ya dereva. "Mzee mmoja wa hapo." Mmoja! Kama kiazi guniani.

Jumanne, 5 Machi
Nimegoma. Sauti za mwaka huu wanazo, ila bila mimi kutaja ni chura gani anayelia, ni kelele tu. Mhadhiri wa chuo chetu, anayeshirikiana nao, kaja mbio kunisihi. Eti Mzee wangu, usitumwagie unga, wageni wakinuna ufadhili utakwenda. Nikamuuliza jina lake yeye liko wapi. Akakohoa. Shukrani, juu ya dereva.

Alhamisi, 7 Machi
Profesa kaja mwenyewe. Kakiri nina haki, masikio mekundu kwa aibu. Lakini jarida lina kanuni: mwandishi lazima aweze kuitetea kazi yake. Kesho atanisikilizisha sauti kumi, nitaje vyura.
Balaa! Masikio yangu yalishastaafu. Anayewajua vyura ni mke wangu. Mimi huleta sauti jikoni, yeye husikiliza huku akimenya vitunguu, anataja, naandika. Hilo halijui mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani umefanyika sebuleni kwangu. Nimesingizia goti, nisiende chuoni. Mke kaweka sinia la chai, kasimama mlangoni nyuma ya Profesa, ananionyesha vidole. Viwili: chura wa pili kwenye orodha yetu ya jikoni. Saba: wa saba. Sauti ya mwisho akajikuna pua kwa kidole kimoja, nikataja wa kwanza. Nimekosa! Lakini tisa kwa kumi si haba. Profesa kanipa mkono. Mimi mwandishi wa pili!
Akauliza kama yupo mwingine aliyesahauliwa, asije akarudia kosa. Nikafikiri sana. Nikamtajia mke wangu, kwenye shukrani: kwa chai.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemsomea mke ukurasa mpya wa shukrani. Akaomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti ya mwandishi wa pili. "Kwa chai tu, baba watoto?" Nikamweleza kwa upole kwamba sayansi ina taratibu zake, si kila mtu anaweza kuwa mwandishi.

Jumatano, 13 Machi
Sauti mpya hamsini. Profesa anazitaka Ijumaa. Nimemwita mke jikoni, nikamwekea ya kwanza, nikauliza ni chura gani huyu. Akanimiminia chai. Ya pili, chai. Sasa nina kikombe cha nne na sijaandika hata chura mmoja. Anasema yeye ni mtu wa birika, mambo ya vyura aulizwe mwandishi.
Watu wengine ukiwaheshimu wanakupanda kichwani! Ila mimi si mnyonyaji. Nimemwahidi kwamba makala ijayo tutaandika: kwa chai nzuri sana.