Baba Yake Clifford Achanjwa

Clifford Tuttle alipomwona Muriel Pask akimwagilia maua mbele ya nyumba kubwa inayotazama bahari pale Eastbourne, hakuitazama bahari wala maua. Alihesabu madirisha. Yalikuwa kumi na moja. Wiki tatu baadaye akawa mchumba wake, na tayari alikuwa akijiuliza chumba kipi akiuze kwanza.

Kikwazo kilikuwa umri. Clifford alikuwa na miaka sabini na sita, ila Muriel alijua ana sitini na miwili, kwa kuwa aliambiwa na Clifford mwenyewe, na piko la nywele likatoa ushahidi. Na Muriel huyohuyo, kila Alhamisi, alikuwa akijitolea kugawa chai kwenye ukumbi wa kanisa, wanakochanjwa chanjo ya nyongeza ya uviko watu wa miaka sabini na mitano kwenda juu.

Chanjo aliitaka kwelikweli. Baridi iliyopita kifua kilimlaza hospitali siku tisa, akaogopa mpaka akasali. Na Alhamisi hii ndiyo ya mwisho ya msimu. Asipokwenda, kifua. Akienda, nesi atamtajisha umri mbele za watu, na madirisha kumi na moja kwaheri.

Mtu mwingine angesema ukweli. Clifford alinunua ndevu.

"Mpenzi," akampigia Muriel simu, "kesho baba yangu anakuja kuchanjwa. Anaitwa Clifford kama mimi. Mimi nina safari ya London, nitunzie mzee wangu."

"Jamani, kumbe baba yupo! Mlete, mlete."

Basi kesho yake ukumbini akaingia mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia mpaka masikioni na mkongojo, anakohoa kwa ufundi mkubwa. Nesi akamwuliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee akanong'ona. Nesi, aliyezoea kusema na viziwi, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia:

"Sabini na sita! Hongera, babu! Kunja mkono wa shati."

Sindano ikaingia. Baada ya hapo mtu hukaa dakika kumi na tano asije akazimia, na huko kukaa ndiko kwenye chai. Muriel akaja na kikombe na biskuti mbili.

"Karibu, baba mkwe. Hivi nimesikia vizuri? Sabini na sita?"

"Umesikia, mwanangu."

"Na Clifford wangu ana sitini na miwili. Kwa hiyo ulimzaa ukiwa na miaka kumi na minne?"

Mzee akachovya biskuti, ikakatikia kikombeni.

"Nilikuwa na haraka," akasema.

Muriel akaitazama ile biskuti inavyozama, akamtazama usoni, akatabasamu vizuri tu. Akavuta kiti.

"Niambie, baba. Huyu mwanao ni mtu wa maana? Maana mpaka leo hajanivisha hata pete ya bati. Ndugu zangu wananicheka, wanasema natapeliwa. Nimeamua leo namwacha."

"Umwache!" Ndevu zilitaka kudondoka. "Mwanangu dhahabu tupu! Mpole, mkweli…"

"Maneno hayo hata yeye anayo. Wewe ni baba, toa neno la kibaba."

Kidoleni Clifford alikuwa na pete ya almasi ya marehemu mama yake. Katika vyote alivyowahi kushika, hicho peke yake alikipata kihalali, na hakuwahi kukiuza hata siku alizolala njaa. Moyo ukamuuma wallahi. Lakini akajipa moyo kwamba pete inaingia kwenye nyumba, na nyumba inaingia kwake. Akaivua.

"Ya marehemu mke wangu. Ivae kwa niaba ya mwanangu."

Muriel akambusu kwenye paji la uso, chozi likamtoka, akaenda kuosha vikombe.

Asubuhi Clifford akajipaka piko jipya, akanunua maua, akagonga mlango. Likafungua pande la mtu limeungua kwa jua.

"Muriel? Alikuwa anatulishia paka tulipokuwa Hispania. Kaondoka jana jioni."

Clifford akashika ukuta. "Hii… hii siyo nyumba yake?"

"Alikuchukulia nini?"

"Pete. Ya mama yangu."

Yule bwana akamwonea huruma kwelikweli, akafungua mlango wote.

"Ingia, mzee. Wenzako wawili wako jikoni wanakunywa chai."